Beatrix Farrand, mama mwenye aling'oa bustani yake mwenyewe

Wasomaji wetu, leo tunawaletea maisha ya mwanamuke mumoja wa Marekani mwenye alitumikia udongo karibu maisha yake yote. Hakuchimba ili kutafuta shaba ao zahabu. Alikuwa fundi wa kupanga udongo, maji, miti na maua kuzunguka manyumba, mainiversite na barabara. Ku Kifaransa ile kazi inaitwa architecte paysagiste. Jina lake njo Beatrix Farrand.

Wakati alianza, mbele ya mwaka wa 1900, hakukuwa masomo yenye yalifungulia mwanamuke mulango wa kazi ile. Hata hivi alitumika miaka makumi tano. Alipanga fasi zaidi ya mia moja, kuanzia lupango ya prezida wa Marekani mupaka nyumba za matajiri wakubwa wa wakati wake. Kisha, akiwa na miaka zaidi ya 80, alifanya jambo lenye lilishangaza watu wengi: aliamua wabomoe nyumba yake na wang'oe bustani yake mwenyewe, ile alipenda kupita zote.

Haikuwa hasira, na haikuwa wazimu. Ili kuelewa juu ya nini alifanya vile, tunapaswa kuanzia mbali, ku jamaa yake.

Mutoto wa pekee

Beatrix alizaliwa mu New York, tarehe 19 mwezi wa 6 mwaka wa 1872. Baba yake aliitwa Frederic Rhinelander Jones, mama yake Mary Cadwalader Rawle. Jamaa zote mbili zilikuwa za feza na za jina. Mutoto hakukosa kitu ku meza wala ku mavazi. Lakini mu nyumba amani ilikosa. Wazazi waliachana angali mutoto, na mu mwaka wa 1896 ndoa yao ilivunjika mbele ya sheria. Siku zile, mu jamaa ya namna ile, kuvunja ndoa ilikuwa haya kubwa. Beatrix hakuwa na ndugu ao dada. Alibakia na mama yake.

Mama Mary hakukaa kulia. Alifungua nyumba yake ya New York, ku barabara ya East 11th, na ndani yake wakaingia waandikaji wa mabuku, wafundi wa kupiga picha na rangi, na watu wa akili. Muandikaji Henry James alikuwa rafiki wa nyumba ile. Na jambo lingine tunapenda kulisema: hata kisha bwana yake kuenda, Mama Mary hakukata urafiki na wifi yake. Alimusaidia miaka mingi ku mambo ya kuchapisha mabuku yake.

Ule wifi, mwenye alikuwa shangazi ya Beatrix, jina lake lilijulikana kisha mu dunia nzima: Edith Wharton. Alizaliwa mu 1862, kwa hiyo alimupita Beatrix miaka 10 tu, sawa dada mukubwa. Mu 1921 Edith alikuwa mwanamuke wa kwanza kupata zawadi ya Pulitzer juu ya buku ya hadisi. Yeye pia alipenda bustani kabisa. Mu 1904 alitosha buku juu ya manyumba makubwa na mabustani ya Italia. Shangazi na mutoto wa kaka yake walipatana sana: mumoja alitumia kalamu, mwingine jembe na plani.

Kulikuwa tena ndugu mumoja wa upande wa mama, John Lambert Cadwalader, avoka mukubwa wa New York, mwenye alifikia kuwa prezida wa maktaba kubwa ya ule muji. Huyu njo alikaa karibu na Beatrix kama baba. Wakati wengine walizania kama mutoto mwanamuke wa tajiri anapaswa kungojea bwana tu, yeye alimutia moyo afuate kazi yenye alitaka.

Na fasi ya kufundishwa ilikuwako. Wazazi walikuwa wamejenga nyumba ya wakati wa joto mu Bar Harbor, ku kisiwa cha Mount Desert, mu jimbo la Maine, kaskazini kabisa ku bahari. Nyumba ile iliitwa Reef Point. Huko kuko majiwe, ukungu, upepo wa chumvi na miti ya msonobari. Beatrix angali kijana alianza kuangalia pale ni mumea gani unapenda kivuli, ni gani unavumilia upepo, na ni gani unakufa hata ukiumwangilia kila siku. Aliandika yote mu kabuku. Wasomaji, mushike jina hili la Reef Point, juu tutarudia pale ku mwisho.

Masomo bila masomo

Alipofika miaka 20, Beatrix alikutana na bibi ya profesa Charles Sprague Sargent. Ule profesa alikuwa mukubwa wa Arnold Arboretum, pembeni ya Boston, fasi kubwa yenye miti ya kila namna imepandwa ili watu wajifunze. Sargent aliona kama huyu kijana mwanamuke haiko anacheza. Akamukaribisha kukaa kwao, na akaanza kumufundisha: majina ya miti, tabia ya kila muti, na ginsi ya kuangalia fasi mbele ya kuipanga.

Kati ya mambo yenye alimufundisha, moja lilibakia ndani yake mupaka kufa. Alimuambia kama plani inapaswa kufuata udongo. Usikamate udongo na kuukunja kwa nguvu ili ufanane na karatasi. Kwanza uende, utembee, uangalie maji yanapita wapi, jua linatokea wapi, mutelemuko uko wa namna gani. Kisha njo ushike kalamu.

Lakini kujua miti tu haikutosha. Ili kupanga fasi kubwa, unapaswa kujua kupima udongo, kuchora plani, kuhesabu mutelemuko, kuongoza maji na kusimamisha ukuta wenye hautaanguka. Nani atafundisha mwanamuke mambo yale? Wakati ule hakukuwa masomo ya ile kazi mu Marekani. Harvard ilianza kuifundisha mu 1900 tu, na haikuwa inapokea wanamuke.

Hapa wasomaji wetu wa kazi ya chini ya udongo watafurahi. Mulango wenye ulifunguka ulikuwa ule wa masomo ya wachimbaji. Mu New York, iniversite ya Columbia ilikuwa na School of Mines, masomo yenye yalifundisha maenjenyeri wa mine, na pale pale profesa William Ware alikuwa anafundisha mambo ya kujenga. Beatrix alijifunza chini ya uongozi wake: kuchora kwa kipimo, kupima udongo, na mambo ya ujenzi. Kwa hiyo, fundi wa maua huyu alipata hesabu zake fasi ileile wachimbaji walipata zao.

Mu 1895 aliingia ndani ya mashua pamoja na mama yake, wakaenda Ulaya. Walizunguka Italia, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza, na kila fasi Beatrix alipima na macho na kuandika. Mu Uingereza alimutembelea Gertrude Jekyll, mama mwenye alijulikana sana juu ya ginsi alipanga rangi za maua: hakupanda yote kwa mistari sawa askari, lakini aliacha rangi moja iingie polepole ndani ya ingine. Beatrix hakusahau ile safari.

Biro pa chumba cha juu

Waliporudia, Beatrix alifungua biro. Haikuwa mbali: pa chumba cha juu cha nyumba ya mama yake, ku East 11th. Kazi zake za kwanza hazikuwa za maua mazuri. Zilikuwa kukata pori, kutosha maji yenye yalituama, kusawanisha udongo wa majirani kule Bar Harbor. Mutu mwenye alitazamia kuona binti wa tajiri na mikono safi, alimukuta anasimama mu matope na viatu vizito, anaonyesha watumikaji fasi ya kupitisha mufereji.

Tuseme wazi: hakuwa anatafuta mukate. Angeweza kukaa tu. Lakini alikataa kazi yake ionwe sawa muchezo wa wamama matajiri. Aliomba malipo kama fundi mwingine yeyote, na alijibu juu ya kila kosa kama fundi mwingine yeyote. Hata hivi, malango fulani yalibakia yamefungwa. Maparke makubwa ya miji yalipewa wanaume. Mwanamuke alibakiwa na malupango ya watu.

Mu 1899 mafundi wa kazi ile walikutana mu New York wakaunda chama chao, American Society of Landscape Architects. Waanzishaji walikuwa 11. Wanaume 10, mwanamuke mumoja. Ule mumoja alikuwa Beatrix, angali na miaka 26. Na hata kisha kupata ile heshima, jina kubwa la arkitekti halikumupendeza. Alipenda aitwe tu fundi wa bustani.

Mu 1901 shangazi Edith alikuwa anajenga nyumba yake The Mount, mu Lenox, jimbo la Massachusetts. Kazi ya ile nyumba ilikuwa sawa kazi ya jamaa. Edith alichukua upande wa maua. Beatrix alipewa barabara ya kuingilia, yenye alisimamishia miti ku pande zote mbili, na shamba ya mboga. Mugeni akifika, muti wa Beatrix njo ulimupokea kwanza, na mboga ya Beatrix njo alikula.

Maison Blanche, iniversite na ndoa

Mu 1912 iniversite ya Princeton ilimuita asimamie miti na bustani zake. Alifanya kazi ile mupaka 1943, ni kusema miaka 31. Na hapa tunaona akili yake vizuri. Alijiuliza: wanafunzi wako hapa wakati gani? Wakati wa joto wanarudia kwao. Basi, juu ya nini kutumia feza kwa maua ya wakati wa joto, yenye hakuna mutu wa kuyaona? Akachagua mimea yenye inatosha maua mbele ya wanafunzi kuenda, na ingine yenye majani yake inageuka rangi wakati wamerudi. Fasi kati ya manyumba ilikuwa nyembamba. Akapandisha mimea ku kuta, ikakamata majiwe na haikuziba njia. Kununua miti mikubwa ilikuwa garama; akafungua pepinyeri, fasi ya kuoteshea miche, na iniversite ikakuza miti yake yenyewe. Kisha, iniversite ya Yale pia ilimuita, mu 1923, na akatumika kule zaidi ya miaka 20.

Mu 1913 aliitwa ku Maison Blanche. Bibi ya prezida, Ellen Wilson, alitaka bustani mupya upande wa mashariki ya nyumba. Beatrix alichora plani. Lakini Mama Ellen alikuwa mugonjwa, akakufa mu 1914 mbele kazi haijaisha. Bibi wa pili wa prezida, Edith Wilson, njo aliimaliza. Ile fasi iligeuzwa tena na wengine kisha, na ikapewa jina la Jacqueline Kennedy.

Ule mwaka wa 1913, mu mwezi wa 12, Beatrix aliolewa. Alikuwa na miaka 41. Bwana yake, Max Farrand, alikuwa profesa wa historia ku Yale, mutu mwenye alikusanya na kutosha maandishi ya mukutano wa 1787 wenye ulitengeneza sheria kubwa ya Marekani. Kwa watu wengi wa siku zile, mwanamuke akiolewa, kazi inaisha. Kwa hawa wawili haikuwa vile. Mumoja alikaa na makaratasi ya zamani, mwingine na miche, na kila mutu aliheshimu kazi ya mwenzake. Hawakupata mutoto.

Ngazi za Dumbarton Oaks

Kama mutu anataka kuona kazi ya Mama Beatrix leo, wanamutuma Washington, ku Dumbarton Oaks. Mu 1920 bwana Robert Woods Bliss na bibi yake Mildred walinunua nyumba ya zamani juu ya kilima cha Georgetown. Bwana Bliss alikuwa balozi. Nyuma ya nyumba, udongo ulitelemuka kwa nguvu mupaka ku kamuto. Mu 1921 wakamuita Beatrix.

Mutu mwingine angeleta watu wengi kusawanisha kile kilima. Yeye alikumbuka fundisho la Sargent. Aliacha kilima kikae kilima. Karibu na nyumba alitengeneza ngazi kubwa za udongo, zenye kushikwa na kuta za majiwe na kunyooka vizuri, sawa vyumba bila paa. Ngazi moja ilipata maua ya roza, ingine maji yenye kuruka, ingine kivuli na viti. Kadiri unatelemuka, mistari inalegea, kuta zinapungua, miti inakuwa huru, na ku mwisho unafika chini ukizania uko mu pori. Wasomaji wenye wanajua carrière ya wazi wanajua namna ile ya kukata kilima ngazi kwa ngazi. Tofauti ni kwamba yeye alikata ili maji yasibebe udongo na ili mutu apumzike akishuka.

Mabwana Bliss walikaa inchi za mbali miaka mingi juu ya kazi ya ubalozi, mu Sweden na kisha mu Argentina. Kazi ilienda kwa barua. Mbele ya kuchonga jiwe ao chuma, Beatrix alitengeneza kwanza mufano wa kipimo kilekile, akausimamisha pa fasi yake, waangalie kama unafaa. Kama haufai, ulitoshwa, na jiwe halikupotea bule.

Mu 1940 ile nyumba na bustani ilitolewa kwa iniversite ya Harvard. Na mu 1944, vita ingali inaendelea, wajumbe wa inchi kubwa walikutana pale kuzungumuzia chama cha kuleta amani. Ile mazungumuzo ya Dumbarton Oaks njo ilitayarisha ONU.

Lakini Beatrix alikuwa na wasiwasi. Alijua kama muti hausimami. Unakua, unazeeka, unakufa. Mutu mwenye atakuja kisha atajua namna gani ni muti gani ulikuwa pale, na juu ya nini? Kwa hiyo aliandika buku ya kuongoza watunzaji wa Dumbarton Oaks: fasi kwa fasi, ni nini imepandwa, ikatwe namna gani, na ikikufa ibadilishwe na nini. Ile buku ilichapishwa mu 1980, miaka mingi kisha kufa kwake, na ilisaidia sana watu wa pale.

Maisha ndani ya treni

Mu 1927 Max alichaguliwa kuwa direkta wa kwanza wa maktaba ya Huntington, mu California. Inchi ya Marekani iko pana: kazi ya bibi ilikuwa upande wa mashariki, kazi ya bwana upande wa mangaribi, na katikati siku mingi ya treni. Beatrix alimufuata bwana yake, lakini hakuacha biro yake. Alikuwa anaenda na kurudia, na plani zake ziliandikwa hata ndani ya treni.

Biro ilisimama juu ya wanamuke wenye alikuwa amewafundisha. Anne Baker, Margaret Bailie na Ruth Havey walichora, walihesabu, walienda kuangalia kazi akiwa mbali. Ruth Havey alirudia ku Dumbarton Oaks na kuendelesha kazi kule kisha mukubwa wake kuacha. Ule mulango wenye Beatrix aliukuta umefungwa, aliuacha wazi nyuma yake.

Kati ya 1932 na 1938 alivuka bahari pia juu ya kazi ya Dartington Hall, mu Uingereza, yenye iliombwa na Dorothy Elmhirst, Mumarekani mwenye alimujua tangu zamani. Na kule ku kisiwa cha Mount Desert, tajiri John D. Rockefeller mudogo alikuwa anajenga barabara za farasi mu milima, zenye kufika leo mu parke ya Acadia. Beatrix alitembea kando ya zile barabara, akaandika ni mimea gani ifunike majeraha ya udongo wenye ulikatwa na fasi gani miti ifunguliwe ili watu waone bahari. Kwa ile kazi alikataa mushahara. Bibi ya Rockefeller, Abby, alimupatia kazi ingine mu kisiwa kile, bustani ya maua yenye kuzungukwa na ukuta wa namna ya China, na ile iko pale mupaka leo.

Shangazi Edith alikufa mu Ufaransa mu 1937. Mama Mary alikuwa amekwisha kuenda mbele yake. Watu wa Beatrix walikuwa wanapunguka.

Reef Point

Max na Beatrix walikuwa wamepatana: uzee wao utakuwa ku Reef Point, na ile lupango haitakufa pamoja nao. Wataifanya masomo. Mutu yeyote mwenye anataka kujifunza kazi ya bustani atakuja, ataona mimea ingali hai na jina yake, atasoma mabuku. Mu 1939 waliiandikisha mbele ya sheria. Beatrix alikusanya maktaba ya mabuku zaidi ya 2000, mimea yenye kukaushwa, na plani zake zote. Mu 1948 alipata hata plani za Gertrude Jekyll, ule mama wa Uingereza mwenye alimutembelea akiwa kijana. Bila yeye, labda zile karatasi zingepotea.

Lakini Max alikufa mu 1945. Mu mwezi wa 10 mwaka wa 1947, moto mukubwa ulikula pori na sehemu ya Bar Harbor. Manyumba mingi makubwa yaliungua, na matajiri wengi hawakurudia kujenga. Reef Point ilipona, lakini muji haukuwa tena ule wa zamani. Beatrix aliomba lupango yake isilipishwe kodi, juu inafundisha watu. Wakubwa wa muji walikataa. Alihesabu feza yake, alihesabu miaka yake, alihesabu watu wenye wanaweza kutunza ile fasi kisha yeye kufa. Hesabu haikuingia.

Mu 1955, akiwa na miaka 83, aliamua. Aliona kama bustani bila mikono inakufa polepole, na kufa vibaya: majani inapanda, kuta inaanguka, wageni wanakuja kuangalia jina tu. Hakukubali. Mabuku, plani, mimea ya kukaushwa na karatasi za Jekyll alizitoa kwa iniversite ya California, mu Berkeley. Nyumba ilibomolewa. Na mimea ilingolewa na mizizi yake.

Hapa njo tunapenda musikie. Jirani mumoja wa kisiwa, Charles Savage, alisikia ile habari na hakutaka miti ile ienende ovyo. Alimuomba Rockefeller feza, na Rockefeller alitoa. Maazalea na miti mingine ya Reef Point ilibebwa mupaka Northeast Harbor, muji wa pembeni. Kutoka pale kukazaliwa bustani mbili, Asticou na Thuya, zenye watu wote wanaweza kuingia. Zingali wazi leo. Mutu mwenye anapita mu Asticou wakati wa maazalea anapita kati ya mimea yenye Mama Beatrix alipanda na mikono yake ku Reef Point.

Nyumba ya mwisho

Yeye mwenyewe alienda kukaa Garland Farm, shamba ya Lewis na Amy Garland. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa watumikaji wake wa Reef Point; Mama Amy alikuwa mutunzaji mukubwa wa bustani ile. Mu mwisho, mutoto wa nyumba kubwa za New York, mwenye hakuwa na mutoto, alizeekea pa nyumba ya watu wenye walifanya kazi pamoja naye. Waliongeza vyumba, na ndani yake waliweka vipande vya Reef Point ya zamani. Mbele ya madirisha yake alipanga kabustani ka mwisho, kadogo sana, na mimea yenye alikataa kuachana nayo.

Alikufa pale mu mwezi wa 2 mwaka wa 1959, akiwa na miaka 86. Hata habari ya kifo chake alikuwa ameiandika mbele yeye mwenyewe, ili mutu asikosee.

Nyingi kati ya kazi zake zimepotea. Malupango iliuzishwa, iligawanywa, ilijengwa juu. Sisi wenye tunakaa mu inchi ya mine tunajua ginsi nyumba yenye ulitunza maua miaka 20 inaweza kuenda ku mikono ya mwingine kisha kazi kuisha. Mama Beatrix alijua pia. Njo maana aliandika buku kwa watunzaji wenye hakuwajua, alifundisha wanamuke wa biro yake, na wakati udongo wake mwenyewe ulimukatalia, alitosha mizizi mapema, ingali na nguvu ya kushika fasi ingine.

Mu 2004, watu wenye kupenda kazi yake walinunua Garland Farm. Plani zake ziko Berkeley, wanafunzi wanazifungua. Na ku Northeast Harbor, kila mwaka baridi ikiisha, yale maazalea inatosha maua yake.